Gurudumu la baiskeli lililoumizwa na barabara mbovu: jinsi ya kulikagua, kulinyoosha na kulirudisha kazini

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye baiskeli yake ni chombo cha kazi na ambaye barabara yake ni ya vumbi kwa sehemu kubwa ya mwaka na ya tope kwa miezi iliyobaki. Nimeuegemeza kwenye mazingira ya Shinyanga, Simiyu na Tabora, ambako baiskeli hubeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, mpunga na abiria, na ambako udongo mweusi wa mbuga hukanyagwa na ng'ombe, mikokoteni na matrekta wakati wa mvua, kisha hukauka na kuacha mifereji migumu inayolikamata gurudumu na kulipeleka inakotaka yenyewe. Baiskeli ninayoizungumzia ni ile ya ringi za chuma za inchi 28, iwe Phoenix au Avon, ambayo kwa kawaida huwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Mengi ya yatakayoelezwa yanafaa pia kwa baiskeli za inchi 26 zenye gia na kwa zile zenye spoki 36 kila gurudumu.

Kabla ya kushika spana, kuna jambo moja ambalo kazi yote inalitegemea. Ni nadra shimo moja kuliua gurudumu ambalo spoki zake zimekazwa sawasawa na tairi lake lina upepo wa kutosha. Gurudumu linalojikunja kwenye shimo, mara nyingi, lilikuwa limeanza kulegea muda mrefu kabla ya siku hiyo, na shimo limekuja tu kumalizia. Spoki hazilibebi gurudumu kwa kusukuma kama miguu ya meza. Kila spoki ni waya uliovutwa, na ringi hukaa katikati kwa sababu inavutwa kwa nguvu zinazolingana kutoka pande zote. Gurudumu linapozunguka, spoki zilizo chini karibu na ardhi hupungukiwa na mvuto kidogo, kisha huurudisha zinapopanda juu. Spoki iliyokazwa vizuri huvumilia mabadiliko hayo kwa miaka. Iliyolegea hufika mahali pa kukosa mvuto kabisa, ikavutwa tena ghafla, ikaachiwa tena, na hivyo hivyo kila mzunguko, mpaka chuma chake kinachoka na kukatika, aghalabu pale kwenye kiwiko kilichoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ikikatika moja, jirani zake hubeba mzigo ambao si wao, nazo huanza safari hiyo hiyo.

Kwa hiyo kukarabati gurudumu si kuondoa tu mkunjo unaoonekana, bali ni kurudisha mvuto sawa kwenye spoki zote. Anayenyoosha ringi kwa nyundo na kuziacha spoki zilegee ataifanya kazi ile ile tena muda si mrefu.

Vifaa vinavyohitajika

Tafuta spana ya spoki inayokamata nati barabara bila kucheza, kwa sababu spana kubwa kuliko nati huilamba kingo zake mpaka inakuwa duara, na nati iliyolambwa haifunguki wala haikazi. Utahitaji pia pampu, msasa, solusheni na viraka, vyuma viwili bapa vya kutolea tairi, bisibisi, spana za nati za ekseli, spana nyembamba za koni (zile nati zinazobana gololi za habu kwenye ekseli), mafuta ya kulainishia, grisi, kipande cha chaki na spoki chache za akiba. Stendi ya kunyooshea magurudumu ni kitu kizuri, lakini si lazima: baiskeli ikipinduliwa ikasimama kwa usukani na tandiko, uma wa mbele na fremu ya nyuma vinafanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: kusimama na kutazama papo hapo

Ukipigwa na shimo kwa nguvu, hasa ukiwa na mzigo, shuka. Usiendelee kupiga pedali ukisubiri kuona kama kuna tatizo, kwa maana gurudumu lenye spoki iliyokatika huharibika haraka zaidi linapoendelea kubebeshwa kuliko lilivyoharibiwa na shimo lenyewe. Shusha mzigo, inua upande ulioumia, zungusha gurudumu taratibu na tazama mambo matatu: kama tairi linapoteza upepo, kama ringi inagusa breki au fremu, na kama kuna spoki inayoning'inia.

Ukikuta spoki moja imekatika, zungushia kipande chake kwenye spoki ya jirani ili kisinase kwenye fremu au kwenye cheni. Ringi itakuwa imehamia upande ulio kinyume na ile iliyokatika. Legeza spoki mbili za jirani, ile ya mbele yake na ile ya nyuma yake, ambazo zinavuta kuelekea huo upande wa pili, nusu mzunguko kila moja, na ringi itarudi kiasi cha kukufikisha unakokwenda. Ikiwa bado inagusa breki, legeza breki ya gurudumu hilo, lakini uhakikishe kwamba breki ya gurudumu la pili inafanya kazi sawasawa, na ukifika mteremkoni ukokote.

Gurudumu lililojikunja kiasi cha kutozunguka kabisa linaweza kurudishwa kwa nguvu za mikono kwa dharura. Livue, litazame kwa ubavu ujue ni sehemu zipi mbili zimejitokeza upande wako, kisha uliegemeze kwenye gogo au ukingo wa ardhi ngumu kwa zile sehemu mbili zilizokwenda upande wa pili, na uzisukume zilizojitokeza kwa uzito wa mwili, kidogo kidogo, ukisimama kila mara kuangalia. Likirudi kiasi cha kupita kwenye uma, kokota baiskeli hadi nyumbani bila mzigo. Ringi iliyofikia hapo imekwisha kupoteza nguvu yake, na hata ikinyooka vizuri isiaminiwe tena kubeba abiria.

Hatua ya pili: tairi na tyubu

Tyubu iliyotoboka ni shahidi mzuri, na anayeziba pancha bila kusoma tundu lilipo hukosa habari muhimu. Vua upande mmoja wa tairi, lakini kabla ya kutoa tyubu weka alama ya chaki kwenye tairi mahali valvu ilipo, ili baadaye uweze kulinganisha tundu la tyubu na sehemu yake kwenye tairi na ringi.

Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, moja kila upande wa tyubu, maana yake ni kwamba tyubu ilibanwa kati ya ringi na ukingo wa shimo au jiwe. Chanzo ni upepo mdogo, wala si ubovu wa tyubu. Hapo kagua ringi kwa makini mahali hapo hapo, maana kilichoibana tyubu mara nyingi kimeigonga ringi pia. Tundu moja upande wa nje linaonyesha mwiba, na katika maeneo niliyoyataja mwiba huo huwa wa mgunga au mbigili. Pitisha vidole ndani ya tairi polepole, ukitumia kitambaa, mpaka uupate, kwa sababu ukiuacha utaitoboa tyubu ile ile kabla hujafika mbali. Tundu upande wa ndani, unaotazama ringi, linasema kwamba ncha ya spoki imechomoza kupita nati yake au utepe unaofunika nati umesogea. Nalo tundu lililochanika kwenye shina la valvu hutokea pale ambapo tairi limekuwa likiteleza juu ya ringi kwa kukosa upepo na kuivuta tyubu. Valvu iliyolala upande badala ya kusimama wima ni dalili ya mapema ya jambo hilo, na inaonekana hata bila kuvua chochote.

Kuziba kwenyewe kunahitaji subira kuliko ustadi. Sugua eneo kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uondoke, pangusa vumbi, paka solusheni kwa wembamba eneo linalozidi ukubwa wa kiraka, kisha subiri ikauke mpaka isinate kwenye kidole. Wengi hubandika ikiwa bado mbichi, na kiraka hicho hung'oka siku ya jua kali. Bandika, bonyeza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha jaza upepo kidogo na uitumbukize tyubu kwenye karai la maji kuhakikisha hakuna mapovu. Kwenye valvu za aina ya zamani zenye kimpira chembamba kinachovaa juu ya msumari wa valvu, kagua kimpira hicho pia: kikizeeka hupasuka na kuvujisha upepo taratibu, na mtu akaisaka pancha ambayo haipo.

Tairi lililochanwa ubavuni na jiwe linahitaji kiraka cha ndani kilichokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu, kikubwa kuliko mchaniko kwa sentimita mbili kila upande, chenye kingo zilizopunguzwa unene kwa kisu ili zisiisugue tyubu. Wapo mafundi wanaoshona tairi kwa uzi wa nailoni, nayo ni kazi inayofaa kwa mchaniko mfupi mradi mshono ufunikwe kwa ndani. Mchaniko uliokata waya wa ukingo wa tairi, ule unaolishikiza kwenye ringi, hauna dawa, na tairi hilo likipasuka mteremkoni linaweza kumuua mtu.

Hatua ya tatu: habu kabla ya ringi

Watu wengi hurukia spoki wanapoona gurudumu linayumba, ilhali wakati mwingine kinachoyumba ni habu. Shika ringi juu kabisa na uisukume kulia na kushoto. Ikigonga au ikicheza, koni zimelegea au zimelika. Tofauti yake na ringi iliyopinda ni rahisi kuijua: ringi iliyopinda hugusa breki mahali pale pale kila mzunguko, ambapo habu iliyolegea humfanya fundi aone mkunjo hapa sasa hivi na mahali pengine baada ya muda mfupi. Kunyoosha ringi juu ya habu inayocheza ni kazi bure.

Ikiwa umepita kwenye maji, jambo la kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, fungua habu hata kama haichezi. Tandika kitambaa chini, toa ekseli polepole na zihesabu gololi za kila upande kabla hazijatawanyika. Habu nyingi za nyuma huwa na gololi 9 za robo inchi kila upande, lakini hesabu ya habu yako ndiyo ya kufuata. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, tazama njia ya gololi kwenye koni na kwenye kikombe. Koni iliyochimbika vishimo ibadilishwe, maana itaziharibu hata gololi mpya. Badilisha gololi zote kwa pamoja, weka grisi ya kutosha, rudisha, na kaza koni mpaka ekseli izunguke kwa ulaini bila kucheza. Ukiisha kukaza nati ya kufungia, jaribu tena, kwa sababu nati hiyo huisukuma koni ndani kidogo na kubadilisha kipimo ulichokiweka.

Hatua ya nne: kuisoma ringi

Pindua baiskeli, vua tairi ikiwezekana, na safisha ringi. Chunguza kwanza nyufa, hasa kuzunguka matundu ya spoki na kwenye kiungo ambapo ncha mbili za ringi zimeunganishwa. Ringi yenye ufa haitengenezwi. Halafu tafuta mibonyeo: sehemu ambapo ukingo umelala ndani au nje, na sehemu ambapo ringi nzima imesukumwa kuelekea habu.

Hapa aina ya breki inabadilisha uamuzi. Baiskeli zenye breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya hukamata ringi kwa upande wake wa ndani, ule unaotazama habu, kwa hiyo ringi iliyobonyea kuelekea habu huzigonga raba za breki kila mzunguko na kuzimaliza, ilhali mkunjo mdogo wa kwenda kulia au kushoto hausumbui sana. Baiskeli zenye breki za waya zinazobana ubavuni ni kinyume chake: mkunjo wa ubavuni wa milimita mbili tu unasikika kwenye mkono. Jua breki yako iko upande upi ili nguvu zako uzielekeze kwenye kasoro inayokuhusu kwanza.

Ukingo wa ringi ya chuma uliolala unaweza kurudishwa kwa koleo au spana ya kurekebisha iliyofungwa kitambaa, ukivuta kidogo kidogo kuanzia mwisho wa mbonyeo kuelekea katikati yake. Ringi iliyosukumwa kuelekea habu hurudishwa kwa kulegeza kwanza spoki za eneo hilo, kisha kuweka kipande cha mti mgumu kwa upande wa ndani, katikati ya spoki, na kukigonga kwa nyundo kuelekea nje huku sehemu za pembeni zikiwa zimekaa juu ya mbao. Usigonge ringi yenyewe kwa chuma. Ringi ya aluminiamu haina uvumilivu huo: inaweza kukubali kurudishwa kidogo mara moja, lakini ikikunjwa na kukunjuliwa tena hupasuka, na kwa maoni yangu ringi ya aluminiamu iliyobonyea kwa wazi ibadilishwe tu.

Hatua ya tano: kukaza spoki na kunyoosha

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako. Anza kwa masikio. Piga kila spoki kwa mpini wa bisibisi, karibu na katikati yake, na usikilize. Spoki iliyokazwa hutoa mlio mkali. Iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa, au haitoi mlio wowote zaidi ya kugonga. Spoki za upande mmoja wa gurudumu zinapaswa kulia kwa sauti zinazokaribiana. Gurudumu la nyuma lisikubabaishe kama spoki za upande wa friwili, ile gia ya nyuma inayokamata cheni, zinalia kwa sauti kali kuliko za upande wa pili, hasa kwenye baiskeli za gia, kwa sababu nafasi ya friwili hufanya spoki za upande huo zisimame wima zaidi na kuhitaji mvuto mkubwa zaidi. Zitie alama ya chaki zile zilizokufa. Mara nyingi utazikuta zimekusanyika eneo moja, na eneo hilo ndilo lililopigwa.

Tia tone la mafuta pale spoki inapoingia kwenye nati na pale nati inapoingia kwenye ringi, kisha uache yapenye. Nati iliyoshikwa na kutu ikilazimishwa huikatisha spoki.

Mwelekeo wa kuzungusha huwachanganya hata wazoefu, kwa hiyo ukariri kwa namna hii: tairi likiwa limevuliwa, ukitazama kichwa cha nati kutoka nje ya ringi kama unayefunga skrubu kwa bisibisi, kukaza ni kuzungusha kulia. Ukiitazama nati ile ile kutoka upande wa habu, mzunguko huo huo utaonekana unakwenda kushoto. Usiwe na shaka hapo katikati ya kazi. Jaribu kwenye spoki moja iliyolegea, uisikilize mlio wake unavyopanda, ndipo uendelee.

Zikaze kwanza zile ulizotia alama mpaka mlio wake ukaribiane na wa wenzake. Baada ya hapo shika chaki ukiegemeza mkono kwenye uma, isogeze karibu na ubavu wa ringi, na uzungushe gurudumu taratibu. Chaki itagusa pale tu ringi ilipojitokeza. Ikiwa ringi imekwenda kulia, kaza spoki zinazotoka upande wa kushoto wa habu katika eneo hilo, na legeza kwa kiasi hicho hicho zinazotoka kulia. Robo mzunguko kwa spoki za katikati ya mkunjo inatosha, na nusu ya hiyo kwa za pembezoni mwake. Zungusha tena, futa alama ya zamani, weka mpya. Anayegeuza nati mzunguko mzima kwa pupa huondoa mkunjo mmoja na kuzaa mingine miwili, kisha hutumia mchana kutwa akiifukuza.

Spoki nyembamba huwa na tabia ya kujisokota pamoja na nati badala ya kuachia nyuzi za nati zipande. Ili kuzuia hilo, zungusha kupita kiasi unachotaka kidogo, kisha rudisha nyuma hicho kilichozidi. Usipofanya hivyo, spoki itajisokotoa yenyewe barabarani na mkunjo utarudi.

Ringi ikishakaa sawa ubavuni, isogeze chaki juu, iwe inatazama mzunguko wa nje wa ringi, uone kama kuna mahali pamepanda. Palipopanda, kaza spoki za kulia na za kushoto kwa kiasi kimoja, ili ringi ishuke bila kwenda ubavuni. Palipozama, zilegeze kwa kiasi kimoja, lakini usizilegeze mpaka zikafa. Mbonyeo ambao hauondoki bila kuziua spoki unahitaji kurudi kwenye mti na nyundo. Kisha rudia ubavu, kwa sababu kila marekebisho ya wima huugusa kidogo. Mwisho, hakikisha ringi iko katikati: legeza nati za ekseli za gurudumu la mbele, ligeuze ili upande wa kulia uwe kushoto, na ulirudishe kwenye uma. Likikaa mahali pale pale, liko katikati. Likihama, kaza spoki zote za upande ambao ringi inapaswa kuhamia, robo mzunguko kila moja.

Je, unyofu wa kiasi gani unatosha? Kwa baiskeli ya mizigo iliyokwisha kupita mashimo mengi, nakubali ringi inayocheza milimita mbili kama mvuto wa spoki unalingana, na ninaikataa ringi inayosimama sawasawa kabisa ikiwa imeshikiliwa na spoki chache zilizokazwa kupita kiasi huku jirani zake zimelala. Ya kwanza itakwenda. Ya pili itakatika spoki.

Kabla ya kurudisha tairi, shika spoki mbili mbili zinazokwenda sambamba na uziminye pamoja kwa nguvu za viganja, gurudumu zima, pande zote mbili. Utasikia milio midogo ya spoki zinazokaa kwenye nafasi zake. Pima tena kwa chaki, na rekebisha panapohitajika. Halafu pitisha kidole ndani ya ringi: ncha yoyote ya spoki iliyochomoza juu ya nati ipigwe tupa mpaka iwe sawa na kichwa cha nati, na utepe wa kufunika nati urudishwe. Utepe uliochakaa unaweza kubadilishwa kwa ukanda uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, mradi uwe na upana wa kufunika nati zote na tundu la valvu litobolewe mahali pake.

Hatua ya sita: kubadilisha spoki iliyokatika

Usinunue spoki kwa kukadiria. Chomoa nzima moja ya gurudumu hilo hilo na ya upande huo huo, uende nayo dukani, kwa sababu spoki za kulia na za kushoto za gurudumu la nyuma zinaweza kutofautiana milimita chache, na tofauti hiyo inatosha kuifanya nati ishike nyuzi chache mno au ncha itoboe tyubu. Linganisha pia unene wake.

Kuipitisha, fuata mfano wa spoki ya nne kutoka hapo ukihesabu kwenye ringi, maana mpangilio hujirudia kila baada ya spoki nne: itazame inatokea upande gani wa sahani ya habu, inapita juu au chini ya zipi, na uige vivyo hivyo. Spoki za upande wa friwili haziingii mpaka friwili ifunguliwe, na bila kifungulio chake ni heri kumwachia fundi kuliko kuipiga kwa patasi. Mafundi wa barabarani wana njia ya dharura ya kukunja mwisho wa spoki ndefu kama ndoano na kuutundika kwenye tundu la habu bila kufungua friwili. Inafika nyumbani, lakini iondolewe mapema.

Spoki zikianza kukatika moja baada ya nyingine kwenye gurudumu moja, acha kuzibadilisha moja moja. Zilizobaki zimechoka kwa kiwango kile kile, na kulisuka gurudumu upya kwa spoki mpya ni nafuu kuliko kusimama njiani na gunia kila mara.

Kupunguza madhara ya barabara

Upepo ndio kinga ya kwanza. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiwango chake, kwa psi, kwa bar au kwa kPa. Bar moja ni psi 14.5 hivi, au kPa 100. Kwa mzigo mkubwa karibia kiwango cha juu kilichoandikwa, usikipite, na uwe mwangalifu na mashine za kujazia matairi ya magari, ambazo hupasua tyubu ya baiskeli kwa kufumba na kufumbua. Usipokuwa na kipimo, mwombe mtu akutazamie tairi la nyuma mzigo ukiwa juu: linapaswa kutanuka kidogo tu pale linapogusa ardhi.

Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji peke yake, na karibu zote hukaa juu ya gurudumu la nyuma. Yaning'inize chini, mawili kila upande, yakiwa karibu na tandiko kadiri miguu inavyoruhusu, badala ya kuyarundika nyuma ya keria, ambako kila shimo huyapa nguvu ya ziada na kuyumbisha usukani. Ukiwa juu ya baiskeli na ukaona shimo usiloweza kulikwepa, inuka kwenye tandiko, kunja magoti, na uachie breki kabla gurudumu la mbele halijaingia. Gurudumu lililofungwa breki halipandi ukingo wa shimo, linaugonga. Dimbwi usilojua kina chake lipite pembeni au ushuke. Kwenye changarawe yenye vijituta vinavyofuatana, punguza mwendo, kwa sababu ni mtikisiko huo wa muda mrefu, kuliko shimo kubwa la siku moja, unaolegeza nati za spoki.

Shimo linaloumiza watu kila siku lipelekewe wanaohusika. Nchini Tanzania barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na barabara za wilaya, vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mtendaji wa kijiji au kata ndiye mlango wa karibu zaidi, na taarifa inayotaja mahali hasa, kwa mfano kalvati fulani au kona ya shule fulani, ina uzito kuliko lalamiko la jumla.

Baada ya matengenezo

Gurudumu lililokazwa upya, na zaidi lile lililosukwa kwa spoki mpya au ringi mpya, hutulia linapobebeshwa uzito, na katika kutulia huko baadhi ya spoki hulegea. Liendeshe kwanza bila mzigo kwa safari fupi, kisha lirudishe, lipige spoki zote kwa mpini wa bisibisi na ukaze zilizoshuka mlio. Rudia ukaguzi huo baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, na baada ya hapo mara moja kwa wiki wakati wa mvua. Ukinunua ringi mpya, hesabu matundu yake kabla ya kulipa, kwa kuwa ringi ya matundu 36 haifungiki kwenye habu ya matundu 40, na uilaze juu ya sakafu bapa ya duka uone kama inagusa pande zote. Ringi iliyopindia safarini kutoka kiwandani irudishwe hapo hapo, kabla spoki haijapita.